Siku Mahango Ilipowekwa Mezani

Kwanza nimalize habari ya mfuniko, maana nikiuacha nyuma nitausahau, na bila mfuniko hadithi hii haifiki.

Mwaka ule mto ulipoingia nyumbani kwetu Kasese, mimi sikuwepo. Nilikuwa Bwera nikitafuta santuri. Wanaume wengine hufuata pombe, mimi nilifuata santuri, na yote mawili humfanya mtu asiwepo nyumbani siku ya mafuriko. Mke wangu ndiye aliyeziokoa. Alizitoa kwenye matope moja moja, akazisugua kwa sabuni ya kufulia, halafu akafanya kile ambacho mwanamke yeyote aliyelelewa na kahawa angefanya akikuta kitu kimelowa: alitandika turubai uani, akazianika. Tena hakuanika akaondoka. Alikaa nazo. Alizigeuza kwa kiganja, upande huu, upande ule, zikauke sawasawa kama kahawa ya kupeleka kwa mnunuzi.

Niliporudi nilizikuta zinang'aa, safi kuliko nilivyozinunua, na zile zilizokuwa katikati ya jua zimejikunja kama masikio ya mbwa.

"Umeanika santuri?" nikamwuliza.

"Zililowa. Ulitaka nizichemshe?"

Nikaanza kuzichambua. Zilizokaa karibu na kivuli cha ukuta zilipona. Nyingine nilizibana katikati ya vioo viwili vya dirisha, nikaweka jiwe la kusagia juu yake, zikanyooka polepole kama mtoto mkaidi. Moja tu ilikataa. Hiyo ilikuwa ya kwaya ya walokole, watu waliookoka, wasiogusa tonto, pombe yetu ya ndizi, hata kwa ncha ya ulimi, na wimbo wenyewe ulikuwa wa kukemea pombe. Upande mmoja wa santuri ulipanda, upande wa pili ukashuka, kama kofia iliyokaliwa. Nilipoiweka kwenye gramafoni, sindano ikawa inapanda na kushuka, na sauti nazo zinapanda na kushuka. Wale walokole walivuta maneno, wakayumba, wakachelewa, kisha wakakimbia kulifukuza neno lililotangulia. Walikuwa wamelewa chakari, na bado wanakemea pombe.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Aliichukua mikononi mwangu akaenda nayo jikoni. Mfuniko wa sufuria yake ya maharage ulikuwa umeondoka na mto, na ule ukingo uliojikunja ukakaa juu ya sufuria utadhani ulipimwa na fundi. Tangu siku hiyo walokole wakawa mfuniko, na lile tundu la katikati likawa la kutolea mvuke.

Haya. Hayo ndiyo ya mfuniko.

Sasa utaniuliza, mtu wa Kasese amepata wapi santuri za kujaza chumba, tena za kila namna? Jibu ni kwamba Kasese ndipo reli ilipoishia, na juu yake pale Kilembe kulikuwa na mgodi wa shaba. Mgodi ulivuta watu kama taa inavyovuta kumbikumbi. Walikuwepo Waluo, Wanyarwanda, Wakongo, Wahindi wa maduka, wazungu wa mashine. Kila mtu alikuja na nyimbo zake. Mimi nilikuwa kijana mbeba mizigo stesheni. Mgodi ulipolala na watu wakaanza kuondoka, niliona jambo: mtu anayehama hubeba godoro, hubeba kuku, lakini santuri humshinda. Ni nzito, zinavunjika, na mke anasema acha hizo. Basi zikaachwa. Nani wa kuziokota? Mimi niliyekuwa nimesimama pale na mabega yangu.

Sikuchagua. Niliokota magitaa ya Waluo yanayokimbia kama mbuzi waliofunguliwa. Niliokota nyimbo za sinema za Kihindi, na za wazungu wenye kofia kubwa wanaolia juu ya farasi, ambazo watu wa huku tunazipenda kuliko wenyewe. Niliokota moja ya ndege tu, ndege wanalia mwanzo hadi mwisho, sijui nani alilipwa kwa kazi hiyo. Mzungu mmoja wa mashine aliniachia santuri ya violini nyingi mno, bila mtu wa kuimba. Mara ya kwanza niliisikiliza mpaka mwisho nikidhani mwimbaji amechelewa.

Kusoma kwangu kuliishia darasa la pili. Naandika, hii unayoisoma nimeiandika kwa mkono wangu, lakini yale maandishi madogo ya katikati ya santuri, mara Kifaransa, mara Kihindi, yalinishinda. Kwa hiyo kila santuri niliipa jina la mahali nilipoipatia. Ndege ni Katwe, maana niliitoa kwa muuza chumvi wa Katwe. Tarumbeta za bendi ya polisi ni Fort Portal. Violini ni Kilembe ya Juu. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mzee wangu ana miji kuliko serikali."

Na iko moja inaitwa Mahango.

Mahango ni kwao mke wangu, kule juu mlimani, ambako ukisimama shambani unaweza kumtemea mate mtu wa bonde. Siku ya kumchukua nilipandisha gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na santuri moja ya Kikongo yenye saksafoni. Njia yote nilikuwa nimeikumbatia kifuani kama mgonjwa. Sasa, bibi harusi wa kwetu hatakiwi kufurahi. Anainamisha macho, anajifunika, ikiwezekana alie, watu wasije wakasema alikuwa na haraka ya kuolewa. Shangazi yake alikaa karibu naye kulinda huzuni hiyo. Saksafoni ilipoanza, shangazi aligeuka kumkemea mtu, nyonga yake ikagonga gramafoni, sindano ikakwaruza santuri. Ikaruka. Na mimi, niliyekuwa nikiangalia chini kwa uchungu wa santuri yangu, nikaona mguu wa bibi harusi chini ya shuka umeruka nayo.

Shangazi alimfinya paja. Alikuwa amechelewa. Mimi nilishaona, nikajua nimeoa mtu.

Ule mkwaruzo haujatoka. Mpaka leo saksafoni ikifika pale inapoanza kuteremka, santuri huruka, na sisi wawili huruka nayo, hata sasa ambapo magoti yanatoa sauti zao wenyewe. Fundi wa redio wa Bwera aliwahi kuutafuta wimbo huo kwenye simu yake akamletea mke wangu, safi, bila hata vumbi. Aliusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante, mwanangu. Lakini hiyo si yetu. Hairuki."

Huyo fundi nitamtaja tena. Kibanda chake kiko barabarani Bwera, kando ya soko. Anatengeneza redio na simu, anawajazia vijana wa bodaboda nyimbo, na pembeni ana gramafoni inayotumia betri ya sola. Ndipo nilipokutana na Mzee wa Butembo.

Mzee wa Butembo alivuka mpaka pale Mpondwe kutoka Kongo, siku ambazo Beni, alikokuwa amehamia toka kwao Butembo, kulikuwa kumeharibika kwa vita. Watu walivuka na watoto na magodoro. Yeye alivuka na wanawe, ambao walikuwa wakubwa na walijibeba, na kichwani ana gunia. Kila mtu alidhani ni maharage. Na kweli yalikuwa maharage, lakini katikati ya maharage mlikuwa na santuri, amezifukia humo zisivunjike. Alipofika alikula gunia polepole, na kadiri maharage yalivyopungua ndivyo muziki ulivyotokea. Baadaye akawa anauza vitenge soko la Mpondwe, Mkatoliki safi, rozari shingoni, na mdomo mchafu kuliko dereva wa lori.

Siku ya kwanza alinikuta kwa fundi nikisikiliza Katwe. Akasimama, akasikiliza wale ndege. Akaniuliza, "Muzee, na kwenyu kuku haziko?"

Hapo urafiki ukaanza.

Mimi ndiye niliyemfundisha mchezo. Pale stesheni ya Kasese zamani kulikuwa na mzee wa pwani, mtu wa reli, aliyetufundisha vitendawili vya kwao. Unajua vinavyokwenda: anatega, ukishindwa anasema nipe mji, unampa mji, anajisifu amekwenda mji huo amekula nini na nini, ndipo anakufumbulia. Sisi tuligeuza kidogo. Mmoja anapiga santuri na kusema ina nini. "Santuri yangu ina mvua." Mwenzake lazima ajibu kwa santuri ya watu wengine, muziki wa aina nyingine, nayo iwe na mvua ndani. Akikosa, mshindi anasema, "Nipe mji," na anachagua mji wowote ulio mezani. Kwetu sisi mji ulikuwa santuri, ukienda umekwenda. Fundi ndiye mwamuzi.

Sina sababu ya kukudanganya: alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda. Ana masikio yule. Alinichukulia Fort Portal, tarumbeta zangu za polisi, nami nikatembea nyumbani kama mtu aliyetoka kuzika. Lakini Mahango sikuwahi kuileta. Ilibaki nyumbani Nyakiyumbu, ambako tulihamia baada ya mafuriko, imefungwa kwenye leso ya mke wangu.

Na yeye alikuwa akiitaka. Aliijua kwa kunisikia nikiimba kwa pua. "Ile ya saksafoni. Mimi nilikuwa nayo kule Beni." Siku moja tu, bila utani, alinieleza. Asubuhi ile walipokimbia, wimbo huo ulikuwa kwenye gramafoni yake. "Sikuizima, muzee. Niliiacha inazunguka. Sijue kama ilimaliza."

Basi ikafika siku binti yake aliyeko Kampala akasema anakuja kumchukua, mgongo wake umechoka na vitenge. Mzee wa Butembo alipanda bodaboda mpaka kwetu Nyakiyumbu, akatukuta, mke wangu akichambua maharage mlangoni. Hakuniamkia mimi. Alivua kofia, akamwinamia mke wangu.

"Mama, niko naenda. Nilikuja kuomba muchezo ya mwisho. Miji yote juu ya meza. Yangu yote, ya muzee wako yote." Akameza mate. "Mahango pia."

Nilitaka kusema hapana. Mke wangu aliinua mkono kunizuia. Alichagua jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Wewe ukishinda, utaichukua?"

"Mama, sheria ni sheria. Nitaichukua."

"Vizuri. Angalau husemi uongo. Na sisi tukishinda, mji nitachagua mimi, si huyu. Huyu atakuonea huruma."

"Bon. Tumepatana."

"Na nitakuja mwenyewe. Mahango haiendi sokoni bila mimi." Halafu akanigeukia. "Wewe ukiipoteza, tafuta na njia nyingine ya kuingilia nyumbani, maana hii ya mlangoni nitakuwa nimekaa mimi."

Siku ya soko ilipofika, niliifuta kila santuri mara mbili.   Mke wangu alikuwa amepika maharage na bundu, ule ugali wetu wa muhogo, kwa sababu alisema hakuna mtu wa kwao aliyewahi kushinda kitu na njaa. Akafunga sufuria kwenye kikapu, akaweka mfuniko wake, akaipakata Mahango, tukaondoka.

Kwa fundi palikuwa pamejaa. Habari ilikuwa imetembea. Wakongo wa vitenge upande mmoja, wakulima wa kwetu upande mwingine, vijana wa bodaboda juu ya pikipiki zao, na mwanajeshi mmoja aliyekuja kununua chaja akabaki. Meza mbili, miji juu yake imesimama kama mabati. Mke wangu alikalia kigoda, Mahango mapajani, kikapu miguuni. Alipoambiwa aiweke mezani, aliiweka, lakini kidole kimoja hakukiondoa.

Mimi ndiye niliyeanza. Niliweka wazungu wa farasi. "Santuri yangu ina gari moshi!" Kweli mle ndani mtu anaiga honi ya gari moshi kwa mdomo mpaka unaona moshi. Watu wa Kasese wakashangilia, reli ni yao. Mzee wa Butembo hakufikiri hata kidogo. Akaweka rumba yake moja, mpiga ngoma anafanya chaka-chaka-chaka, na waimbaji wanaita majina ya stesheni. Fundi akasema, "Gari limefika. Endelea."

Zamu yake. "Santuri yangu iko na bibi anagombeza bwana yake." Ilikuwa ya Kilingala, yule mama anasema bila kupumua, na mwanamume anajibu kwa gitaa tu. Nikamjibu kwa taarabu ya yule mzee wa reli, ambamo mwanamke anatukana kwa maneno matamu mpaka unatamani akutukane wewe.

"Hiyo usingesumbua santuri," mke wangu akasema. "Ungeniachia mimi nafasi." Watu wakacheka.

Nikaweka Kilembe ya Juu. "Ina dhoruba!" Violini zikaanza kutetemeka, radi ikapiga, yule mwanajeshi akaangalia juu. Mzee wa Butembo akanijibu kwa sinema ya Kihindi, mvua inanyesha na msichana anaimba akikimbia ndani yake. Aliipata wapi, sijui. Nilidhani Wahindi wote ni wangu.

Akakohoa. Akavua kofia, akaivaa tena. Nikajua sasa anatoa kitu alichokificha. Akaifuta santuri kwa kitambaa anachofutia rozari, akaiweka taratibu.

Ni mtu mmoja na gitaa lake. Anaimba kidogo, anakwama, anacheka peke yake, anaanza ubeti upya, anasahau, analiomba gitaa limkumbushe. Anaita mke wake amfungulie mlango. Watu walianguka kwa kicheko kabla wimbo haujafika katikati.

"Santuri yangu," Mzee wa Butembo akasema, "iko na mulevi."

Nikageukia meza yangu. Nikaangalia mji mmoja baada ya mwingine. Wazungu wa farasi? Wameketi wima. Waluo? Wanakimbia, lakini hawajanywa. Taarabu? Yule mwanamke hajawahi kuyumba maishani mwake. Nilikuwa na santuri za huzuni, za mapenzi, za mazishi, za siasa, za kufundisha Kiingereza. Mlevi sikuwa naye. Muda wote wa kukusanya, sikuwahi kuokota mlevi!

"Mzee," fundi akaniita polepole. "Unajibu?"

"Ngoja."

"Muache, atafuta mulevi kwenye ndege zake," akasema mmoja wa Wakongo.

"Nyamaza!" mwanajeshi akafoka. "Wacha mzee atafute!"

 Niliona kidole cha mke wangu juu ya Mahango kimekuwa cheupe kwa kukandamiza. Mzee wa Butembo hakuwa akiniangalia. Alikuwa akiiangalia ile leso, na uso wake, nasema kweli, haukuwa wa mtu anayefurahia. Ulikuwa wa mtu anayeona mlango wa nyumba yake ya zamani.

"Basi, muzee wa Kasese," akasema. "Nipe mu..."

"Ngoja kwanza," mke wangu akasema. "Hatujala."

Wote tukamgeukia. Nikadhani amechanganyikiwa. Ameinama kwenye kikapu, anafungua kitambaa, mvuke wa maharage unatoka. Akainua mfuniko, akautikisa matone, akaufuta kwa upindo wa leso yake mbele na nyuma. Akanipa.

"Walokole wangu," akasema.

Mungu anisamehe, nilitaka kumbusu mbele ya soko zima.

Niliiweka kwenye gramafoni. Ilikuwa bado na joto, inanukia kitunguu. Fundi alitaka kukataa, akisema sindano yake itakufa, nikamwambia nitamnunulia nyingine. Nikabandika sarafu juu ya kichwa cha sindano isiruke. Santuri ikaanza kuzunguka, ukingo unapanda, ukingo unashuka, kama njia ya Mahango. Kisha wakaanza.

Kwaya nzima! Wanawake kwa wanaume, watu waliovaa nyeupe, wanavuta maneno kama mtu anayevuta kiatu kwenye matope. Wanapanda, wanasahau walikopanda, wanateremka pamoja kama gunia limefunguka. Besi wanaguna. Soprano wanapotea njia, wanarudi, wanapotea tena. Na neno walilokuwa wakilikemea, kila walipolifikia waliligugumia kwa utamu hata ukadhani wanaagiza jingine.

 Halafu soko likapasuka. Vijana wa bodaboda walipiga honi. Mama mmoja wa vitenge alikalia bidhaa ya mwenzake. Mwanajeshi alishika nguzo.

"Non, non, non!" Mzee wa Butembo aliruka. "Hiyo haiko ya kweli! Hiyo iliharibika na jua! Hawa batu hawakunywa!"

"Sheria inasemaje, mzee?" fundi akamwuliza, machozi yanamtoka. "Inasema waimbaji walikunywa, au inasema santuri ina nini ndani?"

"Inasema santuri..."

"Hii ina walevi, haina?"

"INAO!" soko likajibu.

"Na ni watu wengine, muziki mwingine? Yako ni ya baa, hii ya kanisa. Au kwenu Butembo ni kitu kimoja?"

Mzee wa Butembo alifungua mdomo kujibu. Wakati huohuo walokole walifika kwenye kiitikio wakaanguka wote pamoja, na mdomo wake ukakataa kufunga. Akaanza kutikisika mabega. Akashika meza. "Batu ya Mungu banalewa," akasema, "Mama yangu, batu ya Mungu banalewa!" Akacheka mpaka rozari ikamzunguka ikafika mgongoni.

Ilikuwa zamu yangu kutega. Yeye hakuwa na pumzi, lakini mimi nilikuwa kama simba. Nilisema hata sitafuti. Niliiacha ileile izunguke, nikanyoosha mkono hewani: "Santuri yangu ina harufu ya maharage! Nijibu!"

Fundi angeweza kunikatalia. Hakukataa. Mzee wa Butembo aliinua mikono yote miwili. "Hapana. Za maharage nilikuwa nazo, siku ya kuvuka. Nilizipanguza." Akaketi. "Nimeshindwa. Chagua muji, mama."

Mke wangu alisimama. Alipita kwenye meza ya Mkongo polepole, kama anachagua mbegu. Nilijua ataichukua ile ya mlevi, au ile rumba ya gari moshi ambayo nimeimezea mate miaka. Alifika mwisho wa meza, akatia kidole katikati ya mbili, akavuta.

"Nipe Fort Portal."

Tarumbeta zangu za polisi. Sikuwahi kumwambia jinsi nilivyozililia. Nilidhani nililia barabarani tu.

Aliniwekea mkononi, kisha akamwangalia yule mzee aliyekuwa amekaa na kofia magotini. Akaifungua leso. Yeye mwenyewe akaiweka Mahango kwenye gramafoni, na akamwambia fundi aondoe ile sarafu.

Saksafoni ikaanza. Mzee wa Butembo aliinamisha kichwa, masikio yote yametega. Ilipofika pale inapoteremka, mke wangu akanishika mkono, santuri ikaruka, tukaruka. Mchana, mbele ya soko, na magoti yetu haya. Mzee alishtuka, akatuangalia miguu, akaelewa. Alipoinuka, wimbo ulikuwa unakaribia kuisha. Hakucheza. Alisimama tu mpaka sindano ikafika kwenye ule mvumo wa mwisho usio na kitu, na hapo ndipo akaiinua mwenyewe kwa kidole.

"Imemaliza," akasema.

Tulikula maharage. Tulikula sote, na wale wa honi pia. Na tulipokuwa tunafunga kikapu akaja tena kwa mke wangu, kofia mkononi.

"Mama. Munipe balevi. Niende nabo Kampala."

"Na sufuria yangu nitafunika na nini? Na kofia yako?"

Akavaa kofia, akaondoka. Tulimwona akipita katikati ya soko, mgongo wake mbovu umenyooka kabisa, na aliporudi alikuwa amebeba sufuria mpya, kubwa, inang'aa, yenye mfuniko wake wenye kishikio. Mke wangu aliugonga kwa ukucha, akausikiliza, akamkabidhi walokole.

Siku hizi Jumapili yule mzee hunipigia simu kutoka Kampala. Haamkii. Anaiweka simu karibu na gramafoni, nasikia kwaya nzima inapepesuka huko kwa binti yake, naye anacheka nyuma yao, halafu anakata.

Mahango iko kwenye leso ya mke wangu. Fort Portal iko kichwani pa kitanda changu. Na kila msimu wa kahawa, turubai likishatandikwa uani na jua limekuwa kali, mke wangu huja mlangoni kwangu akiwa anajifuta mikono, anaangalia miji yangu yote ukutani, anauliza, "Hakuna nyingine za kuanika?"